Ua la Milimani

Masinde alivaa tai kwenda kufungua stoo ya saruji karibu na Kibuye. Jioni alirudi mtaani Manyatta na vumbi kwenye tai hiyohiyo, akitembea kama mtu anayesubiriwa na mkutano. Nekoye, mkewe, aliyeuza mboga, alikuwa amekwisha kuchoka kumcheka.

Kabla ya kufa, mama yake Nekoye alimkabidhi mmea kutoka kwao, miteremko ya Mlima Elgon. Majani yake magumu yalijipanga kama bakuli. Jamaa wa nanasi, ila hauzai cha kuliwa.

"Ni ua la milimani," mama alisema. "Linataka baridi ya usiku. Usiliache life."

Masinde, aliyesimama mlangoni, alisikia neno moja tu: Milimani, mtaa wa wakubwa wa Kisumu.

Basi akalinyakua. Akalipanda kwenye karai mbele ya geti, juani, akalishindilia samadi, akalimwagilia kama sukuma wiki.

"Haya ndiyo maua ya Milimani, bwana," aliwaambia wapita njia. "Huku kwenu hamyajui."

"Mzee, nanasi litaiva lini?" aliuliza Calvince, jirani yao. "Nije na kisu?"

"Wewe kula omena yako!"

Nekoye alijaribu kumwambia. Mizizi ni ya kujishikilia tu. Maji hunywewa kwenye bakuli la majani. Liwekwe juu ya magome na vipande vya makaa, kwenye kivuli chenye upepo.

"Muuza mboga anifundishe maua?" Masinde alicheka.

Majani yakalegea. Moyo wa ua ukaanza kunuka. Masinde akayapaka mafuta ya kupikia, yang'ae. Nekoye alimtazama ameinama na kitambaa, tai ikiburuta kwenye samadi, na hakusikia hata hasira. Alisikia kinyaa.

Asubuhi, tai ilipopotea kwenye kona, alichimbua kwa vidole. Chini ya uozo kulikuwa na chipukizi, gumu, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Akalikata, akaliacha jeraha likauke, akalifunga kwenye leso na kulipeleka Maseno kwa dada yake, Celestine, ambako usiku watu hujifunika blanketi.

Walilifunga kwenye gogo lenye gome, chini ya mparachichi. Nekoye akatia maji kidogo katikati ya majani, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

"Na shemeji?" Celestine aliuliza.

"Nimemwachia karai," Nekoye akasema. "Bado anayapaka majani mafuta."