Bathsheba Anakwenda Mwanza Kuonwa

Mimi ni Mkisii, na nalisema hilo mapema ili msije mkaniuliza baadaye mbona nina hasira. Niliolewa kwa Wajaluo hapa karibu na Muhuru Bay nikiwa sijui Kijaluo zaidi ya salamu, na mama mkwe wangu naye Kikisii hakijui hata kidogo, kwa hivyo tangu siku ya kwanza sisi wawili tumeongea Kiswahili, chake kibovu, changu kibovu kidogo. Jina lake ni Bathsheba. Ananiita Nyar Kisii, binti wa Kisii, hata akiwa amenikasirikia. Watu husema mke na mama mkwe hawakai jiko moja. Sisi tulikaa, na nisingekuwa nahangaika kumsimulia kama nisingekuwa nampenda yule mama.

Kazi yake ni omena, dagaa wa ziwani. Anainunua botini asubuhi, anaianika juu ya nyavu, anaigeuza, anafukuza ndege na mbuzi, jioni anaijaza kwa gunia. Ukimkuta ameketi, jua ni mgonjwa. Mbali zaidi alikowahi kufika ni Homa Bay, na huko alienda matanga. Hakuwahi kusafiri kwenda kumwona mtu aliye hai. Hayo aliyasema mwenyewe, akicheka.

Basi mwezi wa kwanza mwaka huu, mama yake akapatikana. Huyo mama aliondoka Bathsheba akiwa bado anajifunza kutembea. Alikosana na mume, akavuka Tanzania, akaolewa huko. Bathsheba akalelewa na nyanya yake na kuambiwa kwamba mama alikufa. Miaka yote hiyo akaamini. Sasa akatokea mfanyabiashara kutoka Mwanza, amekuja ufukweni kuulizia bei, akasimama mbele ya nyavu za Bathsheba akamkodolea macho mpaka nikataka kumfukuza. Akasema, "Mama, samahani. Huu uso wako nimeuacha Mwanza kwa jirani yangu. Yule bibi ni mzee, lakini uso ni huu huu." Alipotaja jina la yule bibi, Bathsheba alikaa chini mchangani.

Tukapata namba ya simu. Ilikuwa ya Mellen, binti wa yule bibi kwa mume wa pili. Mellen ni mtu mzuri, alilia hata kabla hatujamaliza kujieleza. Lakini bibi mwenyewe alipopewa simu hakulia. Alisikiliza jina la Bathsheba, akasikiliza jina la kijiji, kisha akasema, "Macho yangu yanakwisha. Daktari amesema mwaka huu hautaisha nikiwa naona. Na tangu yaanze kuharibika, watu wa nyumba hii wananidanganya kila kitu ili nisihuzunike. Wananiambia nitapona. Sauti mtu anaweza kuazima. Kama wewe ni mtoto wangu, njoo nikuone nikiwa bado naona."

Mume wangu Bonface akajaribu ile simu ya picha. Bibi akasema anaona mwangaza na kitu cheusi kinachotingishika. Basi ikawa ni safari.

Wacha niwaambie jinsi mama huyu alivyoipanga hiyo safari, maana mimi nilicheka nikachoka. Siku nne tu. Kwenda siku moja, kukaa mbili, kurudi moja. Malazi bure, kwa mama. Chakula cha njiani mayai ya kuchemsha na viazi vitamu, kwa sababu hoteli za stendi zinauza chai ya maji. Begi alilinunua mitumba Migori, jekundu, lina magurudumu mawili, moja halizunguki. Akalifunga akalifungua, akalifunga tena. Ndani akatia omena.

Nikamuuliza, "Mama, unapeleka omena Mwanza? Si wale wanalala juu yake?"

"Hawana yangu," akasema.

Nikamwambia pia kuna njia rahisi, maboti yanavuka kutoka hapa kila siku, watu wa beach hii wana shemeji na madeni ng'ambo na hakuna anayewauliza kitu. Akakataa kabisa. "Mimi sitavuka kama mwizi. Naenda nchi ya watu mara ya kwanza, nataka nipite mlangoni, nigongewe muhuri." Akachanjwa ile sindano ya homa ya manjano, mkono ukavimba, akawa anauonyesha watu kanisani. Akapata na karatasi yake ya kupitia mpakani. Kufikia katikati ya mwezi wa pili kila kitu kilikuwa tayari, na mimi nilidhani Jumapili anaondoka.

Hakuondoka. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia.

Katika boma la Kijaluo, mke wa kwanza ndiye mikayi, kwetu ni Bathsheba, na mikayi ndiye anayefungua mbegu. Usiku mume analala nyumbani kwa mikayi, asubuhi mikayi anaingia shambani na kupanda. Baada yake anapanda mke wa pili, kisha wake za watoto, mmoja mmoja kwa mpango. Mikayi hajapanda, hakuna anayepanda. Na mbegu zikishachaguliwa, yeye halali nje ya boma mpaka zifike mchangani. Mimi ni Msabato, nilikuta mambo haya nikiwa mtu mzima, na niliyaonea kichekesho mpaka nikaambiwa habari ya ule mwaka wa matanga ya Homa Bay. Ulikuwa msimu wa kupanda. Bathsheba alikaa kule siku nyingi kuliko alivyosema, mvua ikanyesha, mke mwenzake akachoka kungoja, akapanda. Kabla mahindi hayajatoa ua, mtoto wa yule mke mwenza akafa. Ilikuwa malaria, cheti kilisema malaria. Lakini hakuna mtu bomani aliyesema malaria. Hata Bathsheba hakusema. Na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba yule mtoto mgongoni.

Kwa hivyo aliponiambia hawezi kuondoka kabla ya kupanda, sikumcheka. Ila nilikuwa na akili kidogo. Nikamwambia, "Kwani lazima mvua inyeshe? Panda kavu. Tia punje chache pale kona ya shamba, mila imetimia, sisi wengine tutangoja mvua zetu, wewe nenda ukaonwe."

Alifikiri, akakubali. Uso ulifunguka. Akasema, "Sasa kilichobaki ni mzee."

Mzee ni Maranga, baba mkwe wangu. Maranga alikuwa Osiri, kwenye mashimo ya dhahabu, na watu wa dhahabu hawana kalenda. Alipigiwa simu akasema Jumapili. Jumapili akasema wameona mawe mazuri, Jumatano. Jumatano akasema ukitoka shimoni sasa mwingine anaingia na sehemu yako imekwenda, wangoje kidogo tu. Usiku mmoja ndio uliotakiwa. Alale kwa Bathsheba usiku mmoja, asubuhi arudi kwa mawe yake. Mwezi wa pili ukaisha hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kila jioni Mellen alikuwa anapiga simu na kila jioni habari ilikuwa mbaya zaidi. Bibi hamwoni kuku tena. Bibi amemwaga chai mezani. Bibi anauliza kama yule wa Kenya alikuwa mtu wa kweli.

Bathsheba akisikia hayo anasema, "Mwambie nakuja." Halafu anarudi kugeuza omena.

Nikaamua kwenda Osiri mwenyewe. Bonface alinikataza, akasema mke wa mtoto haendi kumwambia baba mkwe maneno kama hayo. Nikamwambia basi enda wewe. Akasema hata yeye hawezi. Mtoto wa kiume naye haongei na baba yake habari za kulala, eti ni aibu. Nyumba nzima watu wazima, na hakuna mwenye mdomo. Basi nikaenda.

Nilimkuta Maranga ameketi juu ya rundo la mawe, mweupe kwa vumbi, wanaume kama saba hivi wamemzunguka. Nikasimama mbali, nikageuza uso kando vile inavyotakiwa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea. Nikasema tu, "Baba, mikayi anasema mbegu zimekaa sana."

Wale wanaume wote wakacheka. Kila mmoja alijua maana yake. Niliona aibu mpaka miguuni. Maranga hakucheka, namshukuru kwa hilo. Akasema, "Mwambie nimesikia, nyathina. Tumefika karibu sana. Wiki hii." Aliniita mtoto wangu, kwa upole kabisa, na nilijua hatakuja.

Nikamweleza na habari ya macho ya bibi. Akatikisa kichwa, akasema pole, akasema dhahabu ikitoka atamnunulia Bathsheba tiketi ya ndege. Nikamwambia hatujaomba ndege. Nikarudi nyumbani nimekasirika kiasi cha kutosalimia watu.

Mvua ikaja wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Si manyunyu, mvua yenyewe. Majirani wote wakatoka na majembe. Sisi tukakaa mlangoni tunaangalia udongo wetu mweusi umelainika, na mke mwenza wa Bathsheba akapita mbele ya nyumba yetu mara nyingi bila kusema neno, maana yeye, aliyepanda mwaka ule, ndiye hawezi kusema. Nilimwambia Bathsheba usiku huohuo, "Mama, enda kesho asubuhi. Mimi Mungu wangu ananitosha, mimi nitapanda, kikija kitu kinipate mimi."

Akaniangalia sana. "Nyar Kisii," akasema, "una watoto wawili."

Ajabu ni kwamba ile mvua ndiyo iliyomleta Maranga. Mashimo yalijaa maji, kazi ikasimama, akarudi nyumbani na gumboots mkononi kama mtu aliyeachishwa kazi. Si mimi niliyemrudisha, wala si macho ya bibi. Alikula, akalala kwa mikayi, asubuhi Bathsheba akaingia shambani kabla ya chai. Alipanda haraka, kamba hakufunga, mistari ilikuwa imepinda. Begi lilikuwa limesimama mlangoni. Kesho yake anasafiri.

Mellen alipiga simu tukiwa bado tuko shambani. Simu ilikuwa kwangu. Alisema bibi ameamka akauliza mbona leo hawajafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi, jua limeingia mpaka kitandani.

Nilimwambia Bathsheba hapohapo, sikuweza kumficha. Alisimama na mbegu mkononi. Akainama akamaliza mstari aliokuwa ameuanza, akanawa miguu, akasema, "Nitaenda tu. Mkono nao unaona."

Nilimsindikiza mpaka Isebania. Tulielekea kwa miguu upande wa Sirari, Tanzania, akiburuta lile begi, mimi nikazuiwa mlangoni kwa sababu sina karatasi. Afisa wa mpakani alimuuliza anakwenda Mwanza kufanya nini. Akasema, "Kwenda kuonwa na mama." Afisa akaandika "kutembea," akagonga muhuri. Bathsheba akanigeukia akiwa ng'ambo, akainua ile karatasi nione muhuri. Alikuwa anatabasamu. Na mimi nikatabasamu, nikajiambia labda.

Alirudi kabla ya siku nne kwisha. Nilimkuta ufukweni asubuhi, hata nyumbani hakuwa amefika, begi limewekwa kando na yeye anageuza omena ya mtu mwingine. Nikashika upande wa pili wa wavu, tukafanya kazi muda. Kisha akaongea bila kuniangalia.

Alisema Mwanza ni mji mzuri, una mawe makubwa ajabu. Mellen alimpokea kama dada aliyekua naye, na majirani walipomwona walishika midomo, walisema ni bibi mwenyewe amerudi ujanani. Wakampeleka ndani. Bibi alikuwa ameketi kitandani, amevalishwa nguo nzuri. Bathsheba akapiga magoti, akachukua mikono ya mama yake, akaiweka juu ya uso wake mwenyewe. Yule bibi akapapasa paji, akapapasa pua, akafika mdomoni, akaondoa mikono.

"Akamwambia Mellen, mmemtoa wapi huyu?" Bathsheba alisema. "Mellen akalia, akaapa. Majirani wakaapa. Bibi akasema, mliniambia nitapona, mkaapa vilevile. Yule mtoto wangu alisema atakuja nikiwa naona. Angekuwa wa kweli, angekuja. Sasa nimezima, ndio mnaniletea mtu."

"Wewe hukusema kitu?"

"Nilimwambia jina langu. Nikamwambia jina la nyanya, na jina la baba, na kijiji. Akasema hayo yote ni ya kufundishwa."

Nilitaka kulia na nilitaka kurudi Osiri nikamtupe mtu shimoni. Nikamuuliza alifanya nini basi siku zile alizokaa.

"Nilimpikia uji," akasema. "Anapenda wa wimbi, mzito. Nilimlisha asubuhi na jioni, nikamwosha miguu. Alikuwa ananishukuru sana, Nyar Kisii. Ananishukuru vizuri kabisa, vile mtu anamshukuru mgeni."