Maji ya Ziwa Hayapandi Mlima wa Sake

Saa moja asubuhi, mtaa wa Ndosho, na Mulumeoderhwa Cyprien bado hajashika spana hata moja. Amefungua boneti ya pikapu iliyosimama mbele ya nyumba yake ya mbao, ameweka kiganja juu ya radieta na anakishusha polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Juu pana joto. Katikati pana baridi. Chini, baridi kabisa.

"Umetia maji ya wapi?" anauliza.

"Ya ziwa, fundi. Goma hii iko na mutoni gani?" anajibu dereva, Sikuli. "Ongeza ingine tu, nipande."

"Na kwenye mulima ya Sake?"

"Nitasimama, gari ipumue."

"Gari haina mapafu, Sikuli. Bibi yako ndiye anapaswa kupumua."

Mke wa Sikuli, Donatille, yuko kwa mama yake, kijiji cha juu, kilomita ishirini hivi kupita Sake. Alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama wafanyavyo wanawake wengi wa milima ya Masisi. Jana jioni wachuuzi wa maharage walishuka na habari: uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya, aletwe hospitali.

"Nipe saa mbili," anasema Cyprien. "Ama barabara itakukamata masaa tano. Chagua."

Sikuli anatupa funguo juu ya boneti na kukaa chini kwenye mawe meusi ya volkano.

Cyprien, mwenye miaka thelathini na minane, anafungua radieta na kuilaza chali. Ndani ya vijia vyake kuna ukoko mweupe, uleule unaoganda ndani ya birika lililochemsha maji ya ziwa mwaka mzima. Anakamua malimau, anachanganya na maji ya moto kutoka mbabula, jiko la mkaa la jirani, anamimina na kungoja. Kisha anaisukumia maji kinyumenyume. Vinatoka vipande vyeupe, halafu uji wa kutu.

Maji ya kuijaza tena anayateka kwenye pipa lenye kufuli. Ni ya mvua, ameyatunza tangu mwezi wa tano. Sasa ni Julai 1979, na yamebaki chini ya nusu.

Ufundi huu aliujua zamani. Gereji aliyofanyia kazi miaka tisa ilikuwa na tangi kubwa la mvua, na hakuna gari lililotoka pale na maji ya ziwa. Kisha ukaja mwisho wa 1973, tukaambiwa na Serikali kwamba biashara za wageni sasa ni zetu. Zetu akina nani? Gereji ilipewa mheshimiwa mmoja, acquéreur, kama walivyoitwa hao waliogawiwa mali za wageni, mtu asiyejua pa kuingizia mafuta. Haikupita miezi miwili, tangi likang'olewa na kupelekwa Himbi, nyumbani kwake, kumwagilia maua. Maua! Mafundi wakaambiwa ziwa limejaa maji, wachote.

"Nilijua yatajenga ukoko," anasema Cyprien, macho kwenye radieta. "Wote tulijua. Aliyefungua kinywa alifukuzwa kesho yake. Mimi nikachota."

Alichota miaka miwili. Mwaka 1976 mkewe Léocadie, jina la ubatizo ambalo karatasi za Serikali zilikataa kuliandika maana majina ya Kizungu yalipigwa marufuku, alikwenda kwa mama yake hukohuko juu ya Sake kujifungua. Habari ilipokuja, Cyprien aliomba pikapu ya gereji akapanda.

"Ilichemka mara ine. Nilifika saa kumi. Léocadie alikuwa amekufa saa saba, yeye na mutoto."

Mama mkwe alimkalisha, akampa maziwa. "Mutoto yangu, hauna kosa," alimwambia. "Ni barabara."

"Nikakunywa ile maziwa," anasema Cyprien. "Nikaitika: ndiyo, mama, ni barabara."

Mwezi uleule aliacha kazi. Tangu hapo anatengeneza magari hapa nyumbani, na hayupo anayeondoka kwake na maji ya ziwa, hata akimtukania mama yake.

Saa tatu pikapu inanguruma. Cyprien anapapasa radieta: moto umeenea sawasawa, juu mpaka chini.

"Nenda. Usisimame."

Siku nzima fundi hafungui gari jingine. Saa kumi na moja jioni Sikuli anarudi, akitokea hospitali. Anashuka, anaweka kiganja juu ya boneti.

"Haikuchemka hata kidogo," anasema. "Mutoto hakupona, fundi. Munganga anasema alikufia ndani tangu usiku, mbele ya mimi kutoka. Lakini Donatille iko muzima. Wamesema kama tungechelewa saa ingine moja, ningezika wawili."

Cyprien anamshika mkono, hauachi. Wanaume hao wawili wanasimama hivyo, bila kutazamana.

Jumamosi Sikuli atapanda tena, kumrudisha mama mkwe wake aliyeshuka pamoja na Donatille. Cyprien ameomba nafasi. Mama yake Léocadie bado yu hai, na bado humtumia salamu kila Krismasi.

"Nitamwambia ni maji," anasema. "Nitamwambia nilijua. Akinifukuza, anifukuze."

"Nitakuwekea kiti cha mbele, pembeni yangu," anasema Sikuli.

"Hapana. Nitakaa nyuma. Mbele tutaongea, na haya maneno nataka nifike nayo yote."