Pilau ya Arusi ya Saumu

Jamani, ngojeni nijicheke mimi kwanza ndipo mcheke nyinyi, maana aibu hii niliipika mwenyewe, nikaipakua kwenye masinia na kuwapelekea wakwe wa mdogo wangu mbele ya mtaa wetu mzima wa Bondeni.

Mambo yalianza kwa Baba. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi hapa Nakuru, na asubuhi moja akiwa anakata kitambaa mkasi ukamponyoka, akauokota, ukamponyoka tena, na alipotaka kuniita (nilikuwa nimempelekea chai) mdomo ukaenda upande, jina langu likatoka kama la mtu aliyejaza uji kinywani. Kufika adhuhuri kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, naye anashona kama hakuna lililotokea. Majirani wakasema amepigwa na pepo, atafutiwe mganga. Mimi nikauliza, pepo gani huyo anayechukua mkono mmoja na nusu ya mdomo, kisha anavirudisha kabla ya chakula cha mchana? Ndivyo nilivyoumbwa, lazima niulize, kwa hiyo nikamkokota Baba mpaka hospitali huku ananung'unika njia nzima.

Daktari akamfunga kitambaa chenye mpira mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akakunja uso. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akanieleza, na nilivyozidi kuuliza ndivyo alivyozidi kueleza (nadhani watu wengi walikuwa wanachukua dawa na kwenda zao). Akasema kiharusi ni damu kushindwa kufika sehemu ya ubongo, mshipa umeziba au umepasuka, na sehemu hiyo ikikosa damu inakufa, basi kiungo kilichokuwa kikiamrishwa na sehemu hiyo nacho kinalala. Hiki cha Baba kilikuja kikaondoka, lakini kilikuwa kinabisha hodi tu, na kikubwa kinaweza kuwa nyuma yake. Damu yake inasukuma kwa nguvu mno, mishipa inachoka. Sigara aache, atembee kila siku asikae tu kwenye cherehani, na chumvi apunguze sana. Chumvi! Nikashangaa, chumvi iliyoingia tumboni inafikaje kichwani? Akasema inazuia maji mwilini, maji yanaongezeka kwenye damu, na damu inazidi kusukuma. Siku hiyohiyo nikagawa chumvi yote ya nyumbani kwa majirani, maana nilimjua Baba, angeitafuta hata uvunguni.

Baba alikuwa na sharti moja tu. "Zuhura, wakwe wasijue. Wakisikia watasema tunawapa msichana wa nyumba yenye pepo." Maana mdogo wangu Saumu alikuwa ameshachumbiwa, na arusi ilikuwa karibu.

Siku ikafika. Arusi ilikuwa ya mchana, kwani siku zile za hali ya hatari hakuna aliyetaka kukutwa njiani na askari jioni. Sasa mnajua wanaume wanavyokula, sinia moja mikono mingi, na baba wa bibi arusi hana budi kukaa sinia moja na wakwe zake. Kumwekea Baba sahani yake peke yake kungekuwa kutangaza kwamba ni mgonjwa, au vibaya zaidi, kwamba anajua kilichotiwa kwenye chakula cha wenzake. Nikawaza na kuwazua. Bi Rukia, mpishi wetu, akaniambia, "Zuhura, tia chumvi, mimi nakwenda kuswali mara moja." Nikaishika ile pakiti ya chumvi aliyokuja nayo, nikajiuliza, kwani wakila siku moja bila chumvi watakufa? Nikaenda nikaimwaga chooni. Aliporudi akaniuliza, "Umetia?" Nikamjibu, "Nimetia." (Bi Rukia alikuwa na mafua makali siku hiyo, hata alipoonja hakujua lolote.)

Nikajibanza nyuma ya turubai kuchungulia. Pale sinia ya kwanza aliketi Baba, na kando yake Mzee Abdalla, ami yake bwana arusi, mfanyakazi wa reli kule chini ya mlima Longonot, mtu wa sauti kubwa. Akatia tonge la kwanza, akasita. La pili, akasita tena. "Chumvi iko wapi?" Sinia ya pili nayo, "Na huku leteni chumvi!" Haya, tafuta jikoni, hakuna, tafuta chumbani, hakuna, na mwenye duka la karibu yuko palepale mkono umejaa mafuta, ikabidi ainuke akafungue duka. Ndipo mzee mmoja akasema taratibu, "Chakula kisichotiwa chumvi ni cha majini." Mwingine akadakia, "Na fundi si alipigwa na pepo juzi?"

Mikono yote ikatoka kwenye masinia. Mzee Abdalla akasimama. "Kumbe mmetuita kuja kula kafara yenu! Hatuli, na msichana leo hatumchukui!"

Ndani nikamsikia Saumu akilia kwa sauti, na nikajua kabisa ni mimi niliyemliza. Sikufikiri tena. Nikatoka vile nilivyo, leso imejaa masizi, nikasimama katikati ya wanaume nikapiga ukelele, "Ni mimi! Chumvi nimeimwaga chooni!"

Wanaume wote wakanigeukia. Nikaanza kueleza, na mimi nikianza sijui kuacha, nikamwaga yote, mkasi, mdomo, mshipa, ubongo, maji kwenye damu, sigara (mtu mmoja akaizima yake kisirisiri), na kwamba Baba hana pepo wala jini, ana damu inayosukuma sana. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake, na mimi nikatamani ardhi inimeze kwa kuitoa siri yake.

Mzee Abdalla akakaa chini polepole. Ile sauti kubwa sijui ilikwenda wapi. "Hebu, binti. Huo mkono unaweza kulala, kisha ukaamka wenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na jicho moja likaingia giza, halafu likaona tena?"

"La jicho sikumuuliza daktari," nikasema, na nikajilaumu kweli. "Lakini kwani limekupata lini?"

"Juma lililopita. Nilikuwa nimeshika taa ya reli, ikaanguka. Nikasema ni jini wa mlimani." Akafuta paji la uso. "Sikumwambia mtu."

Baba akainua kichwa. "Hata mimi nilificha, bwana. Nilikuwa nakuogopa wewe. Kesho twende wote hospitali."

Basi watu wakaanza kuniuliza maswali, huyu shingo, yule miguu, pilau inapoa hakuna anayeijali, mpaka mwenye duka akarudi mbio na bakuli la chumvi akaliweka katikati. Na nani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono? Baba! "Baba!" nikapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Mzee Abdalla akalisukuma bakuli sinia ya jirani, akasema, "Sisi wawili tutakula hivihivi," wakala wakikunja nyuso kama wanaokunywa mwarobaini. Saumu akachukuliwa kabla jua halijazama, ingawa hakunisemesha.

Hospitalini daktari alimgombeza sana Mzee Abdalla kwa kukaa juma zima. Damu yake ilikuwa inasukuma kwa nguvu kuliko ya Baba, akaambiwa hata dalili ikipita, mtu anakuja siku hiyohiyo.

Bi Rukia hakuniruhusu tena kusogelea sufuria yake, na mimi nimeapa sitamdanganya mpishi wala sitaficha tena ugonjwa wa mtu kwa kuogopa maneno ya wakwe. Mzee Abdalla naye, kila Idi alikuwa akija kututembelea na pakiti mpya ya chumvi. "Zuhura, kamwage," ananiambia, na ananikabidhi kwa mkono uleule ulioangusha taa.