Aanze Mama Kwanza

Mzee Methusela wa Kifanya hakuwa ameshiriki Meza ya Bwana tangu nyonga ilipomzuia kufika kanisani, na jambo hilo lilimuuma sana Mchungaji Dorosela. Asubuhi moja ya ukungu alivaa kanzu yake, akabeba mkate na divai, akamfuata nyumbani.

Mzee alipoiona kanzu mlangoni, akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Kamwene, baba," mchungaji akasalimu.

"Kamwene. Daktari amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Jirani yangu Joackim mlimletea hivyo hivyo kitandani. Jumapili tukamzika."

"Joackim alikuwa mahututi, baba. Hiki ni chakula, si tiketi ya safari."

Mzee akafikiri, kisha akamnyooshea kidole mkewe, Dorika. "Aanze huyu. Nitamtazama kidogo."

Mama Dorika akapiga magoti, akala, akanywa, akarudi kwenye kigoda chake. Mumewe akamkodolea macho mpaka chai ya mgeni ikapoa.

"Unajisikiaje?"

"Nina njaa. Viazi vinaungua jikoni kwa sababu yako."

Hapo Mzee Methusela akafungua kinywa, na mchungaji, akiuma midomo asicheke, akamlisha.