Aliiona Barafu

Bernadette Chartrand alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo wa kaskazini mwa Manitoba, nchini Kanada. Mumewe, Laurier, alirusha ndege ya kampuni ndogo iliyohudumia vijiji visivyo na barabara. Wateja walimtania kwamba mume wake ni wa mawingu, yeye kamwazima tu. Alicheka nao, sindano mdomoni.

Laurier alikufa mwezi wa Novemba. Alikuwa kwenye kiwanja cha kijiji cha Heron Narrows akisubiri abiria, manyunyu yakawa yanaganda juu ya mabawa. Pale hapakuwa na dawa ya kuyeyusha barafu wala gari la kuinyunyizia. Palikuwa na ufagio, na ngazi fupi isiyofika kwenye ncha ya bawa. Alifagia pale mkono ulipofika, kisha akairusha ndege. Ndege, ikilemewa na barafu, haikuvuka miti. Hakupona mtu, na miongoni mwa abiria alikuwemo Tamara, mwanafunzi wa unesi, binti pekee wa Eunice Linklater wa kijiji hicho.

Uchunguzi ulisema mabawa yalikuwa na barafu, ila haukuweza kusema rubani alijua kiasi gani. Kampuni ikatangaza kwamba hakukagua vizuri. Mjini watu wakafupisha zaidi: Laurier kaua watu. Wateja wakaanza kupeleka vitambaa kwingine. Philomène, mama yake Laurier, aliyekuwa akikaa na Bernadette, alimjibu kila mtu jibu moja, kwamba kulikuwa na ukungu na mwanawe hakuona kitu. Jibu hilo ndilo lililomwamsha kitandani kila asubuhi.

Baadaye serikali ikatuma watu kusikiliza maoni juu ya kanuni mpya: kila kiwanja cha abiria kiwe na dawa na vifaa vyake, na kampuni isimwadhibu rubani anayekataa kuruka na barafu. Kampuni ilipinga. Ilisema sheria iliyopo inatosha, marubani wafungue macho tu. Asubuhi ya kikao, wakinywa chai, Bernadette alimwambia mkwewe atakachokwenda kusema.

"Mama, nitasema aliiona."

"Unataka kumzika mara ya pili?"

"Nikisema hakuiona, watasema kosa ni la macho yake, yaishe. Ngazi itabaki ile ile."

"Ngazi sikuizaa mimi, Bernadette. Laurier nilimzaa."

Ukumbini viti vya pembeni yake vilibaki vitupu. Wakili wa kampuni alimuuliza kwa upole kabisa.

"Kwa hiyo, Bi Chartrand, mumeo alijua ni hatari, na bado akapakia watu?"

"Alijua. Alinipigia simu toka kiwanjani kabla hajaondoka. Siku za nyuma aliwahi kukataa, mkamweka nyumbani bila kazi, mkamwambia vijana wanakililia kiti chake. Safari hii hakukataa."

Hakuna aliyepiga makofi. Eunice aliinuka akatoka, hakumtazama. Bernadette aliporudi nyumbani alikuta kabati la Philomène liko wazi, halina nguo. Bibi alikuwa amekwenda kwa dada yake Winnipeg. Kila Jumapili Bernadette alipiga simu, na kila Jumapili yule dada alisema amelala.

Kanuni ilipita baada ya mivutano mingi. Majira ya baridi yaliyofuata Eunice alimpigia simu, akamwambia aje aone. Walisimama dirishani kwenye jengo la kiwanja cha Heron Narrows wakitazama mfanyakazi akiosha mabawa kwa dawa ya moto, mvuke ukipanda.

"Mumeo sijamsamehe," Eunice alisema.

"Sikuja kukuomba hilo."

"Najua. Ungeomba, nisingekuita."

Akammiminia chai.

Jumapili hiyo simu ya Winnipeg ilipokelewa na Philomène mwenyewe. Bernadette alimweleza habari ya gari na dawa, akiharakisha, akiogopa atakatiwa. Bibi akauliza:

"Ingekuwepo siku ile, angerudi?"

"Angerudi, mama."

Akasikia pumzi ya yule mzee, kisha simu ikakatwa. Haikupokelewa tena. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Philomène akafariki, na Bernadette aliambiwa na jirani. Kanisani ndugu walijaza viti vya mbele. Yeye alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na jeneza lilipopitishwa alinyoosha mkono aliguse, lakini wabebaji hawakusimama.