Bao la Yaya Paluku

Nilipokuwa mtoto, Kisangani ilikuwa mikononi mwa majeshi mawili ya kigeni, na mtaani kwetu hakuna aliyeamini kwamba mpira unachezwa kwa miguu peke yake. Kila timu ilikuwa na mganga wake, hata timu za watoto wa shule. Ukimwuliza mtu kwa nini timu fulani imefungwa, hakukuambia kwamba mabeki wao ni wazito au kipa wao ameshinda na njaa. Alikuambia mganga wao amezidiwa. Zamani nilikuwa nikisimulia haya huku nacheka, na wageni wakicheka nami. Sasa siwezi tena.

Kaka yangu Paluku alikuwa mshambuliaji wa timu ya shule yake. Mimi nilimwita Yaya, kama wadogo wote wa mji ule wanavyowaita wakubwa wao. Alikuwa mrefu, mwembamba, na akiruka juu unadhani kuna mtu amemshika kwapani. Lakini si kuruka kulikomfanya Papa, baba yetu, ajivune. Papa alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, akiuza chumvi, sabuni na samaki mkavu kwa jumla, na mbele ya wateja alipenda kusema kwamba yeye hahitaji mashine ya hesabu, anaye Paluku. Mteja alitaja katoni zake, Yaya akatazama dari kidogo, akatoa jibu. Hakukosea. Jioni alinifundisha na mimi, akanigonga kisogoni kwa kidole kila nilipotumia vidole.

Vita vilipofunga barabara, duka la Papa likabaki na rafu tupu na kalenda ya parokia. Nadhani ndipo alipohamishia fahari yake yote kwenye timu. Akawa mkubwa wa kamati ya wazazi. Mtu wa benchi la mbele kanisani, wa kupokea komunyo kila Jumapili, ndiye aliyemleta Papa Lisungi.

Huyu Papa Lisungi alikuwa mganga aliyetoka upande wa Bengamisa. Huko msituni alikuwa akiwaogesha wapiganaji dawa ya kuzuia risasi. Mambo yalipomwendea kombo huko, akaja mjini na beseni lake na majani yake, akaanza kuogesha timu. Sharti lake lilikuwa lilelile la msituni: walioogeshwa katika beseni moja ni mwili mmoja mpaka pambano liishe. Hakuna wa kutoka katikati, hakuna wa kuguswa na maji ya kawaida. Anayetoka anafungua mlango, na wenzake wanaanguka. Msituni naelewa sharti hilo lilikuwa la nini. Lilikuwa la kuwazuia vijana waoga wasikimbie. Lakini watu wazima, wenye akili zao, walilichukua wakalileta kwenye uwanja wa shule, wakawafunga nalo watoto wao.

"Kama inasimamisha risasi," Papa alimwambia Mama, "mupira ndiyo itaishinda?"

Mama alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, na hakuwa mwepesi wa kutishika. "Batoto beko na njaa," alisema, "na munabaogesha majani. Mungebapikia yale majani, ingekuwa afadhali."

Mechi yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa, dhidi ya shule moja ya ng'ambo, waliovuka mto kwa mitumbwi na ngoma zao. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kwa muda. Askari walikaa juu ya ukuta wakivuta sigara, wakitazama. Karibu na goli moja palikuwa na shimo la bomu lililofukiwa kwa mchanga. Timu yetu iliingia uwanjani kinyumenyume, kama walivyofundishwa, majani mabichi yamewaganda nywelani, na Yaya alipopita mbele yetu aliniminyia jicho.

Kabla ya mapumziko ilipigwa kona. Yaya aliruka, na beki wa ng'ambo akaruka, vichwa vikagongana. Niliusikia mlio ule kutoka pale nilipoketi na Mama. Beki aliinuka akishika paji la uso. Yaya alibaki chali, macho wazi, na mkono wake mmoja umenyooka hewani, mgumu, haushuki.

Leo najua mkono ule ulikuwa unasema nini. Ubongo ukitikiswa vibaya, mkono unaweza kukakamaa hivyo, na yeyote anayeuona anapaswa kusimamisha mchezo papo hapo. Lakini ulikuwa umeelekea kwenye benchi la ng'ambo, na uwanja mzima ukausoma kuwa unamtaja mchawi.

"Anaonyesha mulozi! Muone, anaonyesha! Bamemufunga macho!"

Wanaume wakakimbilia benchi lile kwa fimbo, na kwa muda huo wote Yaya alilala pale peke yake. Alipoinuka alitembea kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Mwalimu wa mazoezi wa timu yetu, tuliyemwita Maître, alikuja na ndoo ya maji. Yaya akamwuliza kwa adabu, "Maître, tunacheza na nani?"

Papa Lisungi akasimama mbele ya ndoo. Maji hapana. Maître akaiweka chini.

Ndipo Mama akaingia uwanjani, kitenge chake kimefunguka nusu. "Mutoto wangu atoke. Hamuone macho yake?"

"Mama Paluku, rudi kukaa," Papa alisema. "Akitoka, bale kumi bote banaanguka."

"Baanguke!"

"Bon. Unataka batoto ya batu bafe juu ya wako? Sema basi. Sema mbele ya bamama zao."

Mama zao walikuwa pale, kando ya mstari, wakimtazama. Katika mtaa wetu bomu lilikuwa limekwisha kuua mtoto kisimani, na hakuna mama aliyekuwa akilala usingizi mzuri. Katika mji kama huo ungesemaje kwa sauti kwamba wa kwako atoke na wao waanguke? Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akafunga kitenge chake akarudi kuketi, na akanishika mkono mpaka vidole vyangu vikaniuma.

Wakati wa mapumziko Yaya alitapika. Wanawake wakapiga vigelegele. "Anatapika dawa yao! Inatoka!" Papa alipiga makofi pamoja nao. Kila dalili ambayo ingemwokoa waliipokea kama habari njema. Alipofumba macho kukwepa jua, wakasema nguvu za ng'ambo zinaogopa mchana. Alipokimbilia goli letu wenyewe, wakamgeuza kwa mabega, wakacheka, wakamsukuma upande wa pili.

Karibu na mwisho mpira ukaja juu kutoka pembeni. Mwili wake ulijua cha kufanya hata kama yeye hakuwepo tena. Aliruka, akaupiga kwa kichwa, ukaingia. Alianguka kifudifudi na hakuinuka. Watu wakamvamia, wakambeba mabegani, wakamzungusha uwanja mzima wakiimba, na kichwa chake kilikuwa kikiyumba huku na huku kila walipopiga hatua. Walidhani amelewa furaha. Mama alikimbia nyuma yao na kiatu chake kimoja mkononi, akipiga kelele ambazo ngoma zilizimeza.

Toleka, yaani baiskeli ya abiria, ndiyo iliyompeleka hospitali, Mama akimshikilia kwa nyuma. Huko hakukuwa na umeme wala mashine. Daktari alimmulika macho kwa tochi, akauliza ilivyokuwa, akasema, "Angetoka mara ya kwanza." Papa, aliyefuata kwa miguu, alimjibu kwamba yeye daktari hakuwepo uwanjani.

Yaya hakufa. Alilala muda mrefu, akaamka, akamtambua Mama, akala. Lakini mwanga ulimliza, kelele za watoto zilimfanya ajipige kichwa ukutani, na siku Papa alipomtajia katoni za sabuni kwa mzaha, alitazama dari, akaendelea kuitazama mpaka machozi yakamshuka. Papa hakumwuliza tena.

Nilimchukia Papa Lisungi kuliko askari wote wa mji ule. Na angalau ningepata faraja ya kuona dawa yake imeumbuka! Lakini baadaye yale majeshi mawili yalipigana wenyewe kwa wenyewe katikati ya mitaa yetu, mabomu yakaanguka juu ya nyumba, watu wakazikwa nyuma ya majiko yao. Na wale kumi walioogeshwa pamoja na Yaya, wote walipona. Papa Lisungi alipita nyumba kwa nyumba akilisema hilo. Mnaona? Paluku hakutoka, na wenzake wameishi. Mama za wale kumi walikuja kumshukuru Mama yangu, na ndizi na mafuta ya mawese. Alizipokea. Baada ya wao kuondoka, aliketi mlangoni bila kuwasha moto.

Wale kumi sasa ni wanaume wenye vitambi. Mmoja ni mhubiri. Wakikutana na Yaya njiani wanamwita "Buteur!", yaani mfungaji, wanamnunulia soda, wanasimulia lile bao kwa mikono, jinsi alivyoruka, jinsi lilivyoingia. Mji mzima unalikumbuka isipokuwa aliyelifunga. Niliwahi kumweleza yule mhubiri yanayofundishwa siku hizi: mtoto akigongwa kichwa anatoka uwanjani, anapumzika, na harudi kucheza mpaka apone kabisa. Alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akasema, "Lakini tulishinda, dada."

Tangu wazazi wetu wafariki, Yaya anakaa kwangu. Katikati ya chakula anaweza kuweka tonge chini na kuniuliza, "Tulishinda?" Papa alikuwa akimjibu kila mara, mpaka mwaka aliokufa: tulishinda, mwanangu. Mimi nilikuwa namwongezea mchuzi tu. Kisha mchana mmoja, nikiwa nimechoka na nimejaa hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwendea, nilimwambia ukweli wangu.

"Hapana, Yaya. Tulifungwa."

Alinawa mikono. Akainama chini ya kitanda, akatafuta viatu, akavaa cha kulia mguu wa kushoto, akaelekea mlangoni, kichwa chenye mvi kimeinama kukwepa jua.

"Bon, donc ninarudi," alisema. "Miye sijatoka. Bambie sijatoka."

Nilimshika mabega. Miaka yote hiyo alikuwa bado amesimama kwenye uwanja ule, akiwachunga wale kumi wasife.

"Tulishinda, Yaya," nilimwambia. "Mechi imeisha. Bote beko wazima. Unaweza kutoka."

Alinitazama kwa muda, kama zamani alipokuwa akitazama dari. "Ah bon," alisema. Akavua viatu, akarudi kwenye sahani yake ya lituma, zile ndizi za kupondwa, akala mpaka ikaisha.