Mwisho wa Filamu Aliotupa Baba

Baba alikuwa dereva wa lori la majani chai huko Kangema, na nyumbani kwetu filamu ilikuwa moja tu, kanda aliyoinunua pamoja na mashine ya video kuukuu. Vilikuwa vichekesho vya zamani: mume, mke, nyanya na watoto wamejazana kwenye gari bovu, wanaenda kuiona bahari. Godoro linapeperuka kutoka juu ya gari. Nyanya anasahaulika kwenye kituo cha petroli. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwisho wake sisi watoto hatukuuona. Mjomba alikuwa amerekodi harusi yake juu ya kipande hicho, kwa hivyo gari likianza kuteremka kuelekea baharini, ghafla tunamwona mke wa mjomba na shela lake akikata keki. Hapo Baba alizima televisheni na kutumalizia mwenyewe: walifika, nyanya akavua viatu, watoto wakaoga baharini hadi jua likatua.

Mwaka jana, Baba akiwa ameshatuacha, niliipata filamu nzima kwenye mtandao. Mama alikuwa amekuja kwangu Nyeri, nikamwekea baada ya kanisa. Gari likafika. Mvua inanyesha, hoteli imefungwa, ukungu umeifunika bahari yote. Wakala mikate yao ndani ya gari, wakageuza, wakarudi kwao.

"Pole, Mama," nikasema. "Kumbe hata bahari hawakuiona."

"Mimi najua. Baba yako aliiona yote kabla mjomba wako hajaiharibu."

"Sasa mbona alitudanganya?"

Mama alinyoosha kitambaa chake cha kichwa. "Mlikuwa mnamuuliza kila siku ati tutaenda Mombasa lini. Na ile lori haikuwa yake. Akaniambia, 'Hawa wangu sijui kama nitawafikisha. Wacha hao wa filamu wafike.'"

Nilimwona Baba amesimama mbele ya televisheni iliyozimwa, akituonyesha kwa mikono jinsi mawimbi yanavyokuja.

"Wewe umeenda huko kwa kazi," Mama akasema. "Ni kweli hayo maji ni ya chumvi?"

"Ni ya chumvi kabisa."

"Baba yako alikuwa anakataa. Ati nani angeweka chumvi yote hiyo."

Tulicheka, kisha akajipangusa macho. Nikamwambia Desemba twende, mimi na yeye. Alisema miguu inamsumbua, safari ni ndefu, nani atakamua ng'ombe. Baada ya kitambo akaniuliza kama huko atahitaji sweta.